Aliyesema Karibu

Mzoaji alisimama mbele ya geti la bati, akakunja miguu yake sita ya chuma, akajishusha mpaka kimo chake kikawa cha mtu mzima aliyeinama kwa heshima. Halafu akapiga hodi.

"Hodi, wenyewe? Hodi hapa."

Sauti ilikuwa ya mwanamume aliyelelewa vizuri, wala haina haraka wala haina amri. Ndani ya ua, mama mmoja aliyekuwa anachambua mlenda akajibu bila hata kuinua kichwa, "Karibu!" Basi, kwisha. Kufuli la umeme likafunguka lenyewe, mashine ikaingia, mkono wake mrefu uliofunikwa mpira ukaenda moja kwa moja kwa mbwa aliyelala kivulini, ukamnyanyua, ukamtia tumboni. "Ahsanteni sana, siku njema," ikasema, ikatoka na kurudishia geti taratibu. Yule mama akabaki na mlenda mkononi, mdomo wazi.

Hivyo ndivyo jiji la Chinyika lilivyosafishwa. Jiji hilo lilijengwa katika nyanda kavu za kati, palipokuwa na mashamba ya zabibu, nalo lilikuwa na minara ya vioo inayozunguka kufuata jua na barabara zinazojifagia vumbi. Wakubwa wa Shirika la Mji Safi waliona aibu kwamba jiji la namna hiyo bado lina mbwa wa kubweka uani. Wakaagiza wazoaji. Lakini sheria ilikuwa haikubali mashine iingie kwa mtu bila ruhusa, na ni nani mwenye akili zake angeiruhusu ije kumchukulia mbwa wake?

Aliyekata fundo hilo alikuwa Mhandisi Ndahani Chitema, na alilikata kwa adabu. Aliipa mashine sauti yake mwenyewe na kuifundisha kupiga hodi. Jibu la hodi ndilo likawa ruhusa. Hebu niambie, nani kati yetu amelelewa akasikia hodi akanyamaza? Hata mtu akiwa anaoga hujibu. Hata akiwa amegombana na mume wake asubuhi hiyo, hujibu. Neno hutoka lenyewe, kama kupiga chafya. Ndahani alilijua hilo, akalitega kama mtego wa panya, na wakubwa wakampa nishani.

Daktari Sechelela Mhawi aliiona nishani hiyo kwenye ukuta wa ofisi ya Ndahani siku alipokwenda kumtetea baba yake.

Mzee Mhawi alikuwa na macho yaliyoingia ukungu, na alikuwa akitembea kwa kumfuata mbwa wake. Mbwa huyo aliitwa Shauri Yao, jina alilopewa kwa ajili ya majirani fulani waliopenda kusema sema. Siku mzoaji alipopiga hodi, mzee aliitika kama alivyoitika maisha yake yote. Sechelela, ambaye ni daktari wa wanyama na mtaalamu wa mitambo ya hisia, alifunga safari mpaka Shirika kudai mbwa arudishwe.

"Baba yako alisema karibu, Daktari," Ndahani alimwambia kwa upole, huku akimsogezea kiti. "Sauti yake tunayo."

Akaigeuza skrini, akamsikilizisha. Sauti ya mzee ikajaa ofisini, changamfu, ya mtu anayedhani amepata mgeni: "Karibu, karibu ndani!"

"Unaona? Mwenye nyumba amekubali. Mimi sikuvunja mlango wa mtu."

Tangu siku hiyo Mzee Mhawi hakuitika tena hodi ya mtu yeyote. Jirani yake, Mama Mbeleje, alimpa mbwa mdogo amfiche ndani, na mzee akawa anakaa naye chumbani, kimya, dirisha limefungwa. Wakati wa ule upepo wa baridi wa Julai akashikwa na homa. Mama Mbeleje alimpelekea uji wa uwele. Akapiga hodi, akapiga tena, kimya. Akasema labda mwanawe amemchukua, akarudi na uji wake. Walipokuja kuvunja mlango, mzee alikuwa ameshakata roho, na yule mbwa mdogo amejikunyata juu ya miguu yake.

Makaburini Sechelela hakulia. Watu walishangaa. Walikuwa hawajui kwamba kilio chake kilikuwa kimegeuka kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa na jina, na anwani, na nishani ukutani.

*

Mbwa mwingine, asiye Shauri Yao, Sechelela alimpata kwenye kalvati, chini ya barabara iendayo minarani. Kimbunga cha vumbi kilikuwa kimempindua mzoaji, tumbo la mashine likafunguka, na mbwa mmoja akachomoka. Wapita njia walisema amelala humo ndani hali, hanywi, na kila anayesogea anaonyeshwa meno.

Sechelela alilala kifudifudi kwenye mchanga na vipande vya maini ya kuchemsha. Aliona macho mawili tu na ubavu unaotetemeka. Alikuwa mbwa jike wa rangi ya kahawia, sikio moja limechanika, makucha yamekatika kwa kukwaruza chuma. Alipomnyooshea mkono, aling'atwa mpaka damu ikachuruzika.

"Ng'ata," Sechelela alimwambia, bila kuurudisha mkono. "Ng'ata mama, una haki. Ila siyo mimi unayenidai."

Akamfunika kwa blanketi, akambeba hivyo hivyo.

Alimpa jina la Ipo Siku. Kliniki yake ilikuwa imepakana na njia wanayopita wafanyakazi wa Shirika, na kila asubuhi alisimama barazani akaita kwa sauti ya kuchoma, "Ipo Siku! Wee Ipo Siku!" Wafanyakazi wale waliinamisha vichwa na kuongeza mwendo. Mama Mbeleje alicheka mpaka akashika mbavu. "Unamtishia nani, Daktari?"

"Anayehusika atasikia."

Matibabu yalikwenda polepole. Sechelela alimvisha mbwa kola-moyo, ukanda mwembamba unaosoma mapigo na mikondo ya ubongo na kuonyesha rangi: nyekundu kwa hofu, kijani kwa utulivu. Yeye mwenyewe alivaa kofia-pacha, mtambo alioutengeneza kwa miaka, unaomfanya binadamu ahisi kile anachohisi mnyama mwenye kola. Kofia ilikuwa na kizuizi ili hisia, na kumbukumbu zilizo nyuma yake, ziingie kama maji ya kikombe, zisije kama mafuriko. Siku za kwanza alihisi kitu kimoja tu: kutaka kuwa mdogo, mdogo zaidi, mpaka asionekane. Alivua kofia akiwa amelowa jasho.

Alikuwa akikaa sakafuni amempa mbwa mgongo, hamwangalii machoni, anapiga miayo kwa makusudi, maana mbwa huona miayo akajua hapa hakuna vita. Anaweka maini nyuma yake, anaendelea kusoma. Ikawa mbwa anakuja kuyachukua na kukimbia. Baadaye akawa anayala hapo hapo. Na asubuhi moja, Sechelela akiwa hana habari, alihisi kitu chenye joto kimeegemea mgongoni mwake na kushusha pumzi ndefu. Kola ilikuwa kijani. Hapo, ndiyo, hapo alilia.

Kliniki nzima ilikuwa na amri moja: hakuna kupiga hodi. Wageni walibonyeza kengele, na aliyesahau alifokewa. Sechelela alitaka hodi itoke mkononi mwake yeye tu, kama dawa. Alikuwa na kipande cha sauti ya mzoaji, akawa anakicheza kwa sauti ya chini sana, "Hodi, wenyewe?" kisha anakikata hapo hapo na kumpa mbwa maini. Kesho yake anaongeza kidogo. Ndivyo hofu inavyotolewa, kwa kijiko. Kola ilianza ikiwa nyekundu, ikawa ya machungwa, ikaanza kupauka.

Na hapo ndipo akaacha.

Aliacha kwa makusudi, akijua anachofanya. Maana hofu ile alikuwa anaihitaji. Mpango wake ulikuwa umeiva tangu siku ya kalvati: kofia-pacha isiyo na kizuizi, juu ya kichwa cha Ndahani Chitema, na mbwa huyu upande wa pili. Ahisi. Aonje ile adabu yake ilivyo ukiwa ndani ya tumbo la chuma. Mbwa akipona kabisa, Ndahani angeonja nini? Maji ya uvuguvugu?

Mama Mbeleje, aliyekuja kuleta maini, aliona kipaza sauti kimefunikwa kitambaa.

"Mbona siku hizi humsikilizishi tena?"

"Inatosha kwa sasa."

"Inatosha, na bado anatetemeka?" Bibi alimwangalia mbwa, akamwangalia daktari. "Mwanangu, hebu niambie ukweli. Huyu mbwa unamtibu, au unamnoa?"

 Sechelela alikuwa anafungua nati za kizuizi cha kofia.

*

Kumwita Ndahani haikuwa kazi. Sechelela alimtumia ujumbe mfupi: mbwa aliyeshinda mashine yako yuko kwangu. Mzoaji hakuwahi kupoteza mnyama, na mhandisi yule alikuwa na majivuno yake. Alikuja mwenyewe, mchana wa jua kali, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na mkononi ameshika mfuko wa zabibu. Mgeni haendi kwa mtu mikono mitupu, unaona. Adabu.

"Pole sana kwa msiba wa mzee," alisema. "Nilisikia. Sikupata nafasi ya kufika."

"Tumeshapoa," Sechelela alisema. Akazipokea zabibu, akaziweka mezani.

"Na huyo mbwa? Nimeambiwa anaogopa. Kwa kweli nashindwa kuelewa. Mkono wa mzoaji ni laini, ndani kuna hewa safi, hatumpigi mtu, hatumtukani mtu."

"Basi jipimie mwenyewe." Akamwonyesha kofia. "Utahisi anachohisi. Ukiona hakuna kitu, nitamkabidhi kwako, uondoke naye."

Ndahani aliigeuza kofia mikononi kwa macho ya fundi anayependa kazi ya fundi mwenzake. Akaivaa. Hakuuliza habari ya kizuizi, na Sechelela hakumwambia.

"Mlango ule wa ndani," Sechelela alisema. "Yuko nyuma yake. Simama hapo upige hodi, kama mashine yako inavyopiga."

Kwa mara ya kwanza mhandisi alisitasita. Lakini angesemaje? Kwamba anaogopa hodi yake mwenyewe? Alisogea, akainama kidogo, na ile sauti iliyobeba mbwa wa mji mzima ikatoka kinywani mwake, hai.

"Hodi, wenyewe? Hodi hapa."

Kupitia kioo kidogo cha mlangoni Sechelela aliona kola ikiwaka nyekundu. Ndahani aliyumba. Alishika ukuta, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Sechelela alingoja. Alikuwa ameingoja dakika hii kwenye matanga, kwenye kalvati, kwenye kila kipande cha maini.

Lakini mhandisi alivuta pumzi, akajiweka sawa. Na akatabasamu.

"Naam, ni hofu," alisema. "Siyo ndogo, sikatai. Lakini inavumilika, Daktari. Nilidhani kuna jambo kubwa." Akainua mikono aivue kofia.

Inavumilika! Baba yuko chini ya udongo na huyu mtu anasema inavumilika! Sechelela alisahau kwamba ni yeye mwenyewe aliyeipunguza hofu ile kwa kijiko, asubuhi baada ya asubuhi. Aliona tu kisasi chake kinavuliwa na kuwekwa mezani pamoja na zabibu. Akataka kumalizia. Akataka kumtupia usoni neno lile lile alilosikilizishwa ofisini, neno ambalo yeye Sechelela hakuwa amelitamka tangu wamzike mzee. Akalitamka kwa sauti tamu, ya kumkejeli, huku ameufungua mlango wa ndani.

"Karibu, mwanangu! Karibu ndani, pita!"

Mbwa alipiga ukelele.

Haukuwa mlio wa mbwa. Sechelela, aliyetibu wanyama maisha yake yote, alikuwa hajawahi kuusikia. Ipo Siku alijirusha ukutani, akaanguka, akajirusha tena, kisha akajisukuma chini ya kabati la dawa pasipotosha hata paka, akikwaruza saruji kwa makucha ambayo ndiyo kwanza yalikuwa yameota. Kola iliwaka nyekundu mpaka ikazimika. Na Ndahani alikuwa sakafuni, ameshika kichwa, mguu wa suruali yake ya pasi umelowa, analia kwa kwikwi kama mtoto aliyepotea sokoni.

Sechelela alimvua kofia. Alikuwa amejiandaa kufurahi. Na nisikudanganye, kwa muda mfupi alifurahi kweli kweli.

"Si hodi," Ndahani alisema alipoweza kusema. "Hodi ni kelele tu. Hodi anaibwekea."

"Unasema nini?"

"Kuna mama. Mtu mzima, mikono inanuka moshi. Anampenda huyo mama kuliko..." Akashindwa, akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Mashine ikapiga hodi, akasimama mbele ya huyo mama, akabweka. Yuko tayari kufa hapo. Halafu mama akasema hilo neno ulilosema wewe. Hivyo hivyo. Karibu, mwanangu, pita. Akanyamaza, Daktari. Akaacha kubweka. Akatingisha mkia. Kwa sababu mama amesema ni mgeni."

Sechelela alipiga magoti, akachungulia chini ya kabati.

Ni kitu ambacho kila mtoto aliyekulia ua wenye mbwa anakijua. Hodi ni ya kubweka, karibu ni ya kunyamaza. Ndivyo tunavyowafunza mbwa wetu bila hata kujua kwamba tunawafunza. Shauri Yao naye alikuwa hivyo: angeweza kubweka mpaka bati zitikisike, lakini mzee akisema karibu, anajilaza na kuweka kidevu juu ya miguu. Sechelela aliyajua yote hayo. Lakini hasira yake ilikuwa imeng'ang'ania sauti ya adui, na kila mara aliikata pale pale, kabla jibu halijafika. Hakuwahi kulijaribu hilo neno. Na sasa mbwa amelisikia kinywani mwake yeye, mtu wa pili aliyempenda.

Na baba? Siku zote Sechelela aliamini kwamba mzee alinyamaza kwa kuiogopa mashine. Alimkumbuka alivyokuwa akikaa na yule mbwa mdogo, mdomo ameubana. Akajua mzee alikuwa anaogopa nini: kinywa chake mwenyewe.

Ndahani alijiinua taratibu. Mlangoni aligeuka, akafungua kinywa kusema kwaheri kama mtu aliyelelewa, akashindwa, akaondoka zake. Zabibu zake zilibaki mezani.

*

Wazoaji walizimwa kabla ya mvua za kwanza. Ndahani mwenyewe ndiye aliyesimama mbele ya wakubwa na kudai wazimwe, akarudisha nishani, na hakueleza sababu. Wanasema siku hizi akipigiwa hodi kwake anatoka mbio mwenyewe mpaka getini, ananyamaza, anatazama chini. Watu wanamwonea huruma. Sechelela hakumwonea. Ukimuuliza hata leo atakwambia alistahili, na angestahili zaidi. Kisasi chake alikipata, kizima, na watu wa mtaa walikuja kumpongeza kwa vigelegele na kuku.

Lakini Ipo Siku hakurudi kuegemea mgongo wake. Alikuwa anakula, ndiyo, Sechelela akishatoka chumbani. Akiingia, kola mpya inaanza kubadilika rangi. Daktari alirudi kukaa sakafuni, akampa mgongo, akapiga miayo, akaweka maini nyuma yake. Maini yalikauka, wakaja inzi, akayaondoa, akaleta mengine.

Asubuhi moja mbwa alitoka chini ya kabati, daktari akiwa bado yumo chumbani. Alisimama mbali, sikio lake lililochanika limeelekea mbele. Sechelela hakujitikisa. Ndipo Mama Mbeleje akafika getini na bakuli lake. Mashine hazipo tena, na bibi alikuwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa kitu chake. Hakubonyeza kengele. Aliita kwa sauti ya zamani, ya ujirani, ya siku ambazo mzee alikuwa hai:

"Hodi huku! Hodi, wenyewe!"

Mbwa alibweka mara moja, kwa nguvu, kifua mbele. Halafu akanyamaza, akageuka, akamtazama Sechelela. Hakumtazama mikono. Alimtazama mdomo.

"Hodi, mwanangu! Hampo?"

Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Sechelela aliuziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akainuka pole pole, akaenda kumfungulia bibi.